Sura ya Tano: Kasri Lililoutii Mlima

Mwaka 1405 Mfalme Taejong wa Korea alikuwa na kasri tayari. Gyeongbokgung, lililojengwa na baba yake miaka 10 tu kabla, lilikuwa papo hapo Hanyang, mji tunaouita Seoul leo, nalo halikupungukiwa na kitu. Hata hivyo Taejong aliamuru lijengwe la pili, upande wa mashariki wa lile la kwanza. Likaitwa Changdeokgung.

Nyuma ya amri hiyo kulikuwa na damu. Mwaka 1398, kabla hajatawala, Taejong aliongoza mapinduzi ambamo ndugu zake wawili wa kambo waliuawa, mmoja wao akiwa mrithi aliyekwisha kuteuliwa. Aliuawa pia Jeong Dojeon, msomi aliyeupanga mji mkuu mpya na kuyapa majina majumba ya Gyeongbokgung. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba mfalme hakupenda kuamka kila asubuhi ndani ya kuta zilizojaa alama za mtu yule. Changdeokgung lilianza, basi, kama kimbilio la mtawala aliyeyakimbia matendo yake mwenyewe. La kustaajabisha ni kwamba ndilo lililotupa usanifu mpole kuliko wote katika makasri ya Korea.

Nasema mpole, na nina maana yangu. Wafalme wengi wa dunia walijenga ili watu waone kwamba mwenye nyumba ana nguvu ya kusawazisha vilima. Changdeokgung lilijengwa kwa kufuata kilima kinavyokwenda, na humo ndimo ukubwa wake ulimo.

Njia yenye kona

Wajenzi wa enzi ya Joseon, ukoo uliotawala Korea kuanzia 1392, walifuata pungsu, elimu ya kuisoma ardhi, upepo na maji. Kanuni zake kuu ni chache: mlima uwe mgongoni, maji yapite mbele, uso wa jengo uelekee kusini. Gyeongbokgung lilizitimiza zote kwa ukamilifu. Mlima Baegak umesimama nyuma yake, na kutoka lango kuu la Gwanghwamun hadi jumba la malkia, malango, nyua na kumbi vimepangwa katika mstari mmoja ulionyooka, kushoto na kulia vikilingana. Aliyesimama langoni alijua mfalme yuko wapi: mbele yake, mwisho wa mstari.

Changdeokgung halikupata uwanja wa namna hiyo. Ardhi yake ni miteremko na mabonde madogo, na upande wa kusini kulikuwa na Jongmyo, mahali patakatifu pa kuwatambikia wafalme waliotangulia, ambapo hapakuguswa. Kwa hiyo lango kuu, Donhwamun, halikuweza kukaa katikati. Liliwekwa kwenye kona ya kusini-magharibi. Mgeni anaingia akielekea kaskazini, anatembea kidogo, kisha anakata kulia na kuvuka daraja la mawe la Geumcheongyo, lililojengwa mwaka 1411 na linalopitika hadi leo. Ng'ambo ya daraja anapita lango la pili, Jinseonmun, anaingia kwenye ua mrefu, na humo anakata kushoto. Hapo ndipo lango la jumba la kiti cha enzi linapokuwa mbele yake. Ni kona mbili kabla ya kumfikia mfalme.

Ua huo mrefu unastahili kutazamwa kwa makini. Simama chini ya Jinseonmun uangalie mashariki, utaona kwamba kuta mbili za pembeni haziendi sambamba. Ua unaanza ukiwa mpana, unakwenda ukibana, na mwisho wake ni mwembamba kuliko mwanzo. Msimamizi wa ujenzi, Park Ja-cheong, alikuwa mtu aliyezaliwa katika hali ya chini na kupanda kwa ustadi wa mikono yake hadi kuwa waziri wa ujenzi. Mwaka 1419 alitiwa kifungoni kwa sababu ya ua huu, kwa kuwa mabaraza yaliyouzunguka hayakunyooka. Lakini nyuma ya ukuta wa kusini kuna mgongo wa kilima unaoteremka kuelekea Jongmyo. Kuupata mraba kamili kungedai kuukata mgongo huo, na kwa imani ya zama zile huo ulikuwa mshipa unaowaunganisha wafalme walio hai na wazee wao. Fundi aliadhibiwa, kilima kikabaki. Mabaraza hayo yalibomolewa wakati wa ukoloni wa Japani, na yalipojengwa upya mwishoni mwa karne ya 20 yalirudishiwa umbo lile lile, pana huku na jembamba kule. Kwangu hapo ndipo mahali penye ukweli kuliko pote ndani ya kasri zima.

Jumba la kiti cha enzi

Injeongjeon, jumba la sherehe kuu, limeinuliwa juu ya jukwaa la mawe la ngazi mbili. Jengo tunaloliona sasa ni la mwaka 1804, kwa kuwa lililotangulia liliungua mwaka 1803. Kwa nje lina paa mbili, moja juu ya nyingine, na mtu hudhani ni ghorofa. Ndani hakuna ghorofa yoyote: ni chumba kimoja kirefu kwenda juu, nguzo zake zikipanda bila kukatizwa mpaka kwenye dari.

Mbele ya jumba kuna ua wenye mawe madogo yaliyosimamishwa kama nguzo fupi, 12 kila upande, yakiwa yamechongwa daraja za utumishi. Maafisa wa kiraia walijipanga mashariki, wa kijeshi magharibi, na kila mmoja alilijua jiwe lake. Aliyepandishwa cheo alisogea hatua chache kumkaribia mfalme, na wote waliokuwapo walimwona akisogea.

Hata mawe ya kukanyagia yalikuwa na kazi. Yanaonekana vizuri zaidi katika ua wa Geunjeongjeon, jumba kuu la Gyeongbokgung, kwa sababu yale ya Injeongjeon yaling'olewa wakati wa ukoloni, pakapandwa nyasi. Ni mabamba ya granaiti yaliyopasuliwa yakaachwa makwaruzo yake, hakuna mawili yanayofanana. Mgeni asiyejua hudhani mafundi walikuwa wavivu. Bamba lililosuguliwa lingeurudisha mwanga wa jua moja kwa moja kwenye macho ya maafisa walioinamisha vichwa, na mvua ikinyesha lingewaangusha. Uso wenye makwaruzo unautawanya mwanga na kuushika mguu. Kando ya jumba bado kuna pete za chuma zilizofungiwa kamba za vitambaa vya kivuli siku za sherehe.

Ukiinua macho unaona ufundi mwingine. Kati ya vichwa vya nguzo na paa kuna tabaka nene la vipande vya mbao vilivyochongwa, kimoja kikikalia kingine kwa meno na mitoto, bila kutegemea misumari. Mbao hizo zinapokea uzito wa vigae na udongo na kuuteremsha kwenye nguzo, na wakati huo huo zinalisogeza paa mbali nje ya ukuta. Urefu wa ukingo huo wa paa ulipimwa kwa jua. Majira ya joto jua linapita juu sana, kivuli cha paa kinaukinga ukumbi. Majira ya baridi jua linapita chini, miale yake inaingia mpaka ndani. Mbao zote zimepakwa danchongi, nakshi za rangi tano: buluu inayoelekea kijani, nyekundu, njano, nyeupe na nyeusi. Rangi hizo zilikinga misonobari dhidi ya unyevu na wadudu, na zilitangaza cheo, kwa kuwa mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuipaka nyumba yake hivyo.

Nyuma ya kiti cha enzi kuna pazia gumu lililochorwa jua, mwezi, vilele vitano vya milima, misonobari na maporomoko mawili ya maji. Mchoro huo haukuwa na sura ya mtu. Mfalme alipoketi mbele yake, yeye ndiye aliyeikamilisha picha, katikati ya mbingu na ardhi. Alikuwa na nafasi yake humo, lakini milima ilikuwa mikubwa kuliko yeye.

Moto chini ya sakafu

Seoul ni mji wa baridi kali. Mwezi Januari vipimo vya joto hushuka chini ya sifuri kwa siku nyingi mfululizo, na Agosti joto lake ni la kutoa jasho ukiwa umeketi. Nyumba ya Kikorea ililijibu tatizo hilo kwa kuweka sakafu mbili chini ya paa moja: ukumbi wa mbao ulio wazi kwa ajili ya majira ya joto, na vyumba vya ondoli kwa ajili ya baridi.

Ondoli hufanya kazi hivi. Moto unakokwa nje ya chumba, kwenye mdomo wa jiko ulio chini kuliko sakafu. Moshi na hewa moto hupita katika mifereji iliyojengwa chini ya mabamba ya mawe, hutokea upande wa pili na kupanda kwenye dohani. Mabamba hufunikwa kwa udongo, kisha kwa tabaka za karatasi ngumu ya magome ya mforosadi iliyopakwa mafuta. Mawe yakishapata moto hukaa nao usiku kucha, na chumbani hamna moshi. Watu walikula, walisoma na kulala sakafuni, pale penye joto. Mkulima alilala juu ya mawe yaliyopashwa moto, na mfalme vivyo hivyo.

Dohani zenyewe zikawa sanaa. Nyuma ya Gyotaejeon, jumba la malkia huko Gyeongbokgung, kuna kilima kidogo cha kutengenezwa kilichopangwa kwa ngazi za mawe na kupandwa maua. Juu yake zimesimama dohani nne za matofali, kila moja ina pande sita, zikiwa na picha za wanyama, ndege na mimea ya kuombea maisha marefu na baraka. Mgeni anazipiga picha bila kujua kwamba moshi wa chumba cha malkia ulisafirishwa chini ya ardhi mpaka hapo ili usimsumbue. Changdeokgung nalo lina ngazi za maua kama hizo nyuma ya Daejojeon, jumba la malkia la huko, ila kilima chake ni cha asili. Mteremko uliopaswa kuzuiwa usiporomoke umegeuzwa bustani ambayo malkia aliitazama kutoka dirishani.

Tazama pia paa la Daejojeon. Majumba mengine makubwa yana uti mnene wa chokaa juu kabisa ya paa. Hili halina, vigae vyake vinapinda tu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba uti huo ni alama ya joka, na mfalme mwenyewe ndiye joka. Penye kitanda chake hapakuhitajika la pili juu ya dari.

Bustani ya nyuma

Kasri zima lina eneo la hekta 58 hivi, na zaidi ya nusu yake ni Huwon, bustani ya nyuma, ambayo kwa sehemu kubwa ni msitu. Hapa utii kwa ardhi unafikia kilele chake. Hakuna vichaka vilivyonyolewa kwa umbo la duara wala mitambo ya kurusha maji juu. Maji yanaachwa yafuate mteremko wake, na mabanda ya kupumzikia yamewekwa pale ambapo bonde lenyewe linamtaka mtu asimame.

Bwawa la Buyongji ndilo linalofahamika zaidi. Lina umbo la mraba, na katikati yake kuna kisiwa cha duara chenye msonobari, kwa kufuata wazo la kale kwamba ardhi ni mraba na mbingu ni duara. Banda la Buyongjeong limeingiza miguu yake miwili ya mawe ndani ya maji. Ng'ambo, juu ya mteremko, kuna Juhamnu, jengo la ghorofa ambalo Mfalme Jeongjo alilianzisha mwaka 1776, mwaka ule ule aliotawazwa, ili liwe makao ya maktaba yake ya Kyujanggak. Alikusanya humo vitabu na vijana wenye akili, pamoja na wana wa masuria, ambao desturi iliwanyima vyeo. Ili kulifikia jengo hilo sharti upite lango dogo la Eosumun. Lango la katikati, la mfalme, ni refu. Malango mawili ya pembeni, ya maafisa, ni mafupi kiasi kwamba mtu mzima hupita akiwa ameinama.

Juu zaidi, mwisho wa njia ya msituni, kuna kijito cha Ongnyucheon. Mwaka 1636 Mfalme Injo aliamuru mwamba uchongwe mfereji uliopinda, maji yazunguke na kudondoka kama poromoko dogo. Mfalme na wageni wake waliketi kandokando, kikombe cha divai kikaelea kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na washairi wakatunga. Hatua chache kutoka hapo kuna banda la Cheonguijeong, na paa lake ni la nyasi. Mbele yake kuna shamba dogo la mpunga. Wafalme walipanda mpunga hapo ili wajue kwa mikono yao mwaka wa mkulima unakwendaje, na majani yake yaliezekea banda hilo. Desturi hiyo inaendelezwa hadi leo na watunzaji wa kasri.

Kiasi hicho kinaonekana pia katika baadhi ya nyumba za kasri hili. Mrithi wa kiti Hyomyeong, aliyefariki mwaka 1830 akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, alijijengea chumba cha kusomea kwenye mteremko nyuma ya maktaba ya babu yake Jeongjo. Ni kidogo, hakina rangi, na kimeelekea kaskazini, upande usio na jua. Yeongyeongdang, iliyojengwa mwaka 1828, nayo ina umbo la nyumba ya mwungwana wa kawaida, mbao zake zikiwa wazi. Nakseonjae, nyumba ya Mfalme Heonjong ya mwaka 1847, haina danchongi kabisa. Watu wenye uwezo wa kupaka kila boriti waliamua kuziacha mbao zionekane mbao.

Kuungua na kurudi

Mbao huungua, na historia ya makasri haya ni historia ya moto. Mwaka 1592 majeshi ya Japani yalipoivamia Korea, makasri yote ya Hanyang yaliteketea. Gyeongbokgung lilibaki magofu kwa zaidi ya miaka 270. Changdeokgung lilijengwa upya mapema karne ya 17, likaungua tena katika mapinduzi ya 1623, likajengwa tena, na kwa karne mbili na nusu likawa ndilo makao makuu ya dola. Mwaka 1833 moto uliteketeza majumba ya ndani, na mwaka uliofuata yalikuwa yamesimama.

Haraka hiyo iliwezekana kwa sababu walikuwa na maandishi. Kila ujenzi mkubwa uliandikiwa kitabu, uigwe, chenye orodha ya vifaa, gharama na majina ya mafundi. Mwishoni mwa miaka ya 1820 wachoraji wa ikulu walichora Donggwoldo, picha ya kasri hili na jirani yake Changgyeonggung kama yanavyoonekana kutoka angani. Ni vitabu 16 vya kukunjua ambavyo vikiunganishwa vinapata upana wa zaidi ya mita 5. Kila paa, kila kisima, kila mti una mahali pake. Waliorejesha majengo katika zama zetu walifanya kazi picha hiyo ikiwa mbele yao.

Walikuwa na mengi ya kurejesha. Heungseon Daewongun, baba wa Mfalme Gojong, alilifufua Gyeongbokgung kuanzia 1865 kwa gharama iliyowaumiza wananchi. Mwaka 1866 serikali ilitoa sarafu iliyotangazwa kuwa na thamani ya sarafu 100, nazo bei zikapanda vibaya. Kisha ukaja ukoloni. Tarehe 22 Agosti 1910, katika chumba cha Heungbokheon kilichoambatana na Daejojeon, baraza la mwisho liliketi na nchi ikakabidhiwa kwa Japani. Changgyeonggung lilikuwa limekwisha kugeuzwa bustani ya wanyama. Huko Gyeongbokgung majengo mengi yalibomolewa au kuuzwa, na mwaka 1926 likakamilika jengo kubwa la mawe la serikali ya kikoloni, mbele kabisa ya jumba la kiti cha enzi. Moto ulipoteketeza majumba ya ndani ya Changdeokgung mwaka 1917, watawala wa kikoloni waliyabomoa majumba ya mfalme na malkia ya Gyeongbokgung na kuzitumia mbao zake. Daejojeon ya sasa, basi, imejengwa kwa mbao za Gyotaejeon.

Baada ya uhuru kazi ilikuwa ndefu. Wanyama walihamishwa kutoka Changgyeonggung miaka ya 1980. Jengo la kikoloni lilianza kubomolewa tarehe 15 Agosti 1995, miaka 50 kamili tangu ukombozi, na Gwanghwamun lilirudishwa mahali pake, kwa mbao, mwaka 2010. Changdeokgung liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997, na sababu iliyotajwa ni ile ile inayobeba sura hii: namna majengo yake yalivyokubaliana na ardhi.

Ukibahatika kufika Seoul, litembelee Gyeongbokgung kwanza ili uujue mstari ulionyooka, kisha nenda Changdeokgung uone wajenzi wale wale walifanya nini waliponyimwa mstari. Huwon huingiwa kwa tiketi yake ya pekee yenye saa maalumu, kwa hiyo jiandikishe mapema. Enzi ya Joseon ilikuwa na ukatili wake, na hakuna bustani inayoufuta. Lakini katika ujenzi iliacha hukumu ambayo bado inasimama: ardhi ilikuwapo kabla ya mfalme, na ndiyo iliyostahili kuulizwa kwanza. Anayejenga leo, iwe ni ikulu au nyumba ya vyumba viwili, aulize maji yanapita wapi na kilima kinaelekea wapi, ndipo achore.